Fundi Sikio na Injini Isiyoumwa

Tuseme ukweli mapema ili tusizungushane: gari la Fundi Sikio halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa gari dogo jekundu la milango miwili, la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, injini ya lita moja na nusu, na lilikuwa zima kuliko mwenyewe. Tatizo lilikuwa masikio ya mwenye gari. Mtaa mzima ulijua. Mkewe alijua. Hata muuza magazeti alijua, maana kila asubuhi alikuwa anarudishwa kutaja bei mara tatu. Asiyejua alikuwa Fundi peke yake. Aliyepaswa kumwambia ni binti yake, na huyo binti, pamoja na ujasiri wake wote wa kulala chini ya magari yaliyoinuliwa kwa jeki mbovu, alikuwa anaogopa sentensi moja.

Binti alikuwa na miaka ishirini na tisa, amesomea ufundi chuoni miaka mitatu, na baba yake alimwita Injinia. Msidhani ilikuwa heshima. Alimwita hivyo kwa sababu kila gari likiingia gerejini, kitu cha kwanza binti alichofanya ni kuchomeka kimashine chake chini ya usukani na kusubiri kimtajie kasoro. "Injinia anasubiri barua," Fundi huwaambia wateja. "Ikifika tutajua gari linaumwa nini." Wateja wanacheka, Injinia naye anacheka, kazi inaendelea. Walikuwa wawili tu pale, kwenye gereji ya milango mitatu ya mabati nyuma ya duka la rangi, na kusema kweli walipendana kupita kiasi, ila ni watu wa kupendana kwa kusukumana mabega.

Na jina la Sikio hakuokota barabarani. Kwa miaka thelathini mzee huyu aliketi mlangoni juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari la mtu, kikombe cha chai mkononi, na gari likipita alitaja kasoro yake bila kugeuza shingo. Plagi ya tatu hiyo. Beringi ya gurudumu, nyuma kulia. Yule ekzosi imetoboka, na mwenyewe anadhani ndiyo uanamichezo. Watu walikuwa wanapitisha magari yao pale makusudi, taratibu, wakijifanya wana safari zao, ili tu wapate ushauri wa bure.

Mambo yalianza kuharibika miaka miwili nyuma, kidogo kidogo. Kwanza, kwa maelezo ya Fundi mwenyewe, watu wote walianza kuongea kama wamejaza maji mdomoni. Kisha viwanda vikaanza kutengeneza redio dhaifu. Nyumbani televisheni ilipandishwa sauti mpaka jirani wa nyumba ya tatu akaacha kununua gazeti, kwani taarifa ya habari ilimfikia kitandani. Mkewe, fundi cherehani asiye na subira ya kurudia kitu, alijaribu kumwambia.

"Nilimwambia wazi," alimsimulia Injinia huku anauma uzi kwa meno. "Nikasema, baba watoto, nenda kapimwe masikio. Akaniambia niache kunong'ona kama nimeiba. Basi mwambie wewe. Wewe ndiye msomi."

Msomi alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alianza na hali ya hewa na akaishia kwenye hali ya hewa. Mara ya pili ilikuwa baada ya mambo kuwa mazito kweli. Mwalimu mmoja alileta gari, Fundi akalisikiliza, akasema ni plagi, mwalimu akalipa akaondoka. Injinia alikuwa amesikia beringi ya mbele inalia mpaka inatia huruma, beringi ambayo wiki mbili zaidi ingeliachia gurudumu njiani. Hakusema kitu mbele ya watu. Alimpigia mwalimu simu, akamwambia amesahau kukaza kitu, gari likarudi, akabadilisha beringi baba yake akiwa amekwenda kula. Jioni hiyo aliketi karibu naye akafungua kinywa. Fundi alikuwa anasimulia jinsi alivyoigundua ile plagi. Alikuwa na furaha sana. Injinia alifunga kinywa.

Kwa nini? Kwa sababu alijua hesabu yake. Mtu mtaa mzima umemwita Sikio kwa miaka thelathini, ukimwondolea sikio unamwachia nini? Aliogopa kwamba siku atakayoambiwa, ndiyo siku atakayoning'iniza ovaroli ukutani na kubaki nyumbani anatazama midomo ya watu kwenye televisheni. Injinia hakuitaka gereji bila yeye. Basi akawa anapita nyuma yake kurekebisha, kimyakimya, na kimya kile ndicho kilichokuja kuwagharimu injini nzima.

Ilianza hivi. Asubuhi moja Fundi alirudi kutoka kulizungusha gari lake jekundu, akashuka, akaufunga mlango kwa huzuni.

"Limekata pumzi," alisema. "Zamani nikikanyaga mafuta linaniitikia. Leo nakanyaga, linanitazama tu."

Injinia alilipima. Alipima mgandamizo kwenye silinda zote nne, na zote nne zilikuwa sawa kama pacha. Alipima mafuta, moto, hewa. Alilipeleka mwenyewe barabarani, na gari lilipiga kelele safi ya kukimbia mpaka likamtia tabasamu. Akarudi na karatasi ya vipimo.

"Injini nzima kabisa, baba."

Fundi alisoma ile karatasi mpaka chini. "Kimashine chako kinakudanganya," alisema. "Mimi nimeishi na gari hili miaka kumi na moja. Najua sauti yake. Hii siyo."

Hapo ndipo mjomba alipofika kukoleza moto. Mjomba wa Injinia, yaani kaka wa mkewe Fundi, alikuwa anauza injini zilizotumika kwenye uwanja wenye makontena mawili, dakika kumi kwa mguu. Fundi alimwita Shemeji, nasi tumwite hivyo, na walikuwa mashemeji hasa: hawajawahi kukubaliana jambo, na hawajawahi kukaa siku mbili bila kutafutana. Kila Jumamosi mchana alikuja na gari lake jeusi, nalo la milango miwili, nalo mtumba wa bei ya kawaida, ila la kusukuma kwa magurudumu ya nyuma. Aliliegesha mahali ambapo lazima Fundi alione.

"Shemeji, pole na msiba," alisema Jumamosi hiyo. "Nasikia trekta lako limeishiwa nguvu."

Fundi alimsogezea ndoo ya kukalia, akaiweka mbele yake kabisa, uso kwa uso. Siku hizi aliwaketisha watu wote hivyo, na Injinia alijua sababu. "Afadhali langu lina pua ya kuvutia. Lako linasukumwa kama toroli."

"Tatizo lako ulinunua gari lililofungwa kinyume," Shemeji alisema akijiweka sawa juu ya ndoo. "Magurudumu ya mbele kazi yake kuonyesha njia. Wewe umeyapa na kazi ya kuvuta mzigo. Karani ukimwambia aandike barua huku amebeba gunia, ataandika nini?"

"Ataandika kwamba amefika. La kwako mvua ikinyesha, mkia unafika kabla ya kichwa. Mwaka jana si tulikukuta kwenye mzunguko umetazama ulikotoka?"

"Nilikuwa nasalimia watu."

"Ulisalimia nguzo."

Maneno haya Injinia aliyajua kwa mpangilio wake, na ukitaka haki, wote wawili walikuwa na hoja. Gari la kusukuma nyuma, ukikanyaga mafuta uzito wake unarudi nyuma, juu ya magurudumu yanayofanya kazi, kwa hiyo yanashika barabara zaidi, na usukani unabaki na kazi moja tu. La kuvuta mbele, injini na giaboksi vimekaa pamoja puani, hakuna propela ndefu ya kupeleka nguvu nyuma inayopita chini ya tumbo, gari linakuwa jepesi, nafuu kutengeneza, na uzito wa injini yenyewe unayakandamiza magurudumu yanayovuta. Walikuwepo pia wale wa injini katikati, nyuma ya kiti cha dereva, ambao Shemeji alisema ni watu wasio na mizigo wala mama mkwe. Na wale wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambao Fundi alisema wameajiriwa na mwenye kituo cha mafuta. Injinia akiulizwa husema kila mpangilio una barabara yake na mfuko wake, jibu ambalo liliwaudhi mashemeji wote wawili kwa pamoja.

Siku hiyo hakuulizwa. Fundi aliweka kikombe chini akasema, "Nabadilisha injini."

Shemeji alimtupia Injinia jicho. Naye alijua habari za masikio, tena alijua sana. Lakini alikuwa pia na injini saba kontenani, na binadamu ni binadamu.

"Basi tufanye kazi ya kiume," alisema. "Ninayo ya lita mbili na nusu, ya kukaa kwa urefu. Tunakata sakafu katikati, tunapitisha propela, tunafunga difu ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, linazaliwa gari jipya la kusukuma."

"Hiyo siyo kubadilisha injini. Hiyo ni kubomoa nyumba kwa sababu umependa mlango wa jirani."

"Haya, kuna ya lita mbili. Kampuni ileile, inakaa kwa upana kama yako, inakuja na giaboksi yake na shafti mpya za kuzungusha magurudumu. Ilikuwa kwenye gari la familia, imebeba watoto wa shule tu."

"Hiyo ndiyo naitaka."

"Au tuiache hii hii, baba," alisema Injinia. "Haina kitu."

Alikuwa amesimama ubavuni mwa baba yake aliposema hivyo, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Neno lilipita lote, Fundi hakugeuka. Na hapa lazima nimseme huyu binti, ingawa nampenda: alijua fika amesimama wapi. Alisema ili baadaye ajiambie kwamba alisema.

Kazi ilichukua siku saba. Siku ya kwanza waliivuta injini ya zamani kwa winchi. Ilitoka kavu, bila tone la oili chini yake, na ilipokuwa inaning'inia hewani Injinia alitamani kuiomba radhi. Fundi aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Ona," alisema. "Kwa nje huwezi kabisa kujua kwamba inaumwa."

Injini ya lita mbili ilikuwa nene kuliko mwenzake kwa vidole vinne. Walikata kishikizo cha kushoto wakakichomelea upya, wakahamishia betri kwenye buti ili injini ipate pa kukaa, wakabadilisha rejeta ya kupoza maji, wakakaza springi za mbele kwa sababu pua ilikuwa imeongezeka kilo arobaini. Kisha zikaja nyaya. Kompyuta ya gari na kompyuta ya injini zilikataa kusalimiana, na Injinia alilala chini ya dashibodi siku tatu akiunganisha waya kwa waya, rangi kwa rangi, huku baba yake amemshikia taa. Katika siku hizo tatu Fundi hakumtania hata mara moja. Siku ya pili alisema, "Hapa nakuvulia kofia, mwanangu. Mimi ningeshaitupa." Zilikuwa siku nzuri kuliko zote walizowahi kufanya kazi pamoja, na Injinia aliumia kwa uzuri wake. Kila alipotaka kusema aliona ile taa imeshikwa kwa uangalifu juu ya uso wake, akaunga waya mwingine.

Siku ya saba, saa sita mchana, boneti ilifungwa. Mwenye duka la rangi akaja kutazama. Mkewe Fundi alikuja na futi yake ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni. Shemeji alifika amejiandaa, utani wa wiki nzima umejaa mdomoni. Mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa bado haujaunganishwa, kazi ya Jumatatu hiyo, lakini kila kitu kingine kilikuwa tayari.

Fundi aliingia, akafunga mlango, akashusha kioo, akazungusha ufunguo.

Injini ilishika palepale. Sauti ilikuwa nene na tulivu, na mwenye duka la rangi alianza kupiga makofi. Lakini mkono wa Fundi ulikuwa bado kwenye ufunguo. Aliuzungusha tena. Stata, ile mota ya kuwashia, iliingia kwenye injini inayozunguka ikatoa ule mlio wa chuma kusaga chuma, na makofi yakakatika. Fundi aliachia. Alisubiri kidogo, kichwa kimeinama upande. Akazungusha mara ya tatu, chuma kikalia tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Mafuta hayajafika," alisema kupitia dirishani. "Angalia pampu, Injinia."

Mkewe alikuwa ameishika futi yake kwa mikono miwili. Shemeji, mwenye maneno, alikuwa anatazama viatu vyake, na ninavyomjua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Injinia alitembea mpaka dirishani, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa baba yake.

"Imewaka, baba," alisema polepole. "Imewaka tangu mara ya kwanza."

Fundi alimtazama mdomo, kisha macho.

"Inanguruma?"

"Inanguruma."

"Kwa nguvu?"

"Inasikika mpaka barabarani."

Alishusha mkono akashika kirungu cha gia. Kilikuwa kinatetemeka kiganjani mwake. Alikaa nacho hivyo, na damu ikampanda usoni. Kwa miaka yote ishirini na tisa Injinia hakuwahi kumwona baba yake akiona aibu, na hakujua kwamba kitu hicho kingeweza kumuuma yeye kiasi kile.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

Injinia alijua haulizwi habari za injini. "Kama miaka miwili."

"Na ile ya zamani?"

"Haikuwa na kitu."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku saba, mwanangu. Tumeitoa wote wawili, kwa mikono yetu."

"Niliogopa," alisema Injinia, na sasa alikuwa analia waziwazi mbele ya watu, mikono yake yenye grisi haina pa kufutia. "Niliogopa utaacha kuja kazini."

Fundi aligeuza uso mbele, kwenye kioo. Ni Shemeji aliyekuja akainama kwenye dirisha la pili, akahakikisha anaonekana.

"Shemeji, ile ya zamani nitainunua mimi," alisema, akitamka kila neno kwa ukamilifu. "Nitaibandika karatasi: nzima kabisa, imefukuzwa kwa kuonewa."

Fundi alimgeukia. Mashavu yake yalikaza, yakalegea, kisha bega likaanza kumtingishika, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, vyote kwa mpigo. Mkewe alisema, "Haya, angalau kesho tutakwenda hospitali," na kwa mara ya kwanza hakuambiwa ananong'ona.

"Kesho kutwa," alisema Fundi. "Kesho Jumapili. Injinia, ingia."

Injinia alizunguka akakaa kiti cha abiria. Walitoka taratibu kwenye njia ya kokoto, wakaingia barabarani, na gari likachukua mwendo kwa urahisi ambao halikuwahi kuwa nao. Fundi aliendesha mpaka wakapita duka la mwisho.

"Niambie linasemaje," alisema.

"Linanguruma vizuri, baba," alisema Injinia, akimgeukia.

"Hiyo ni salamu. Nimekuuliza linasema nini."

Injinia alifunga macho. Chuoni hawakumfundisha hivi. Mwanzoni alisikia kelele moja tu kubwa, injini, upepo na matairi vyote pamoja. Wakakata kona ya kushoto.

"Kuna kitu," alisema, akageuka tena ili baba yake amwone. "Mbele, kulia. Kinagonga."

"Muda wote?"

"Kwenye kona tu."

"Zote?"

Walikata ya kulia. Hakusikia kitu. Wakakata ya kushoto tena, kikawepo. "Ya kushoto tu."

"Nikiongeza mafuta?" Akakanyaga.

"Kinaongezeka."

"Kikavu, au kama kimefunikwa na kitambaa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. Alisikiliza mpaka paji la uso likakunjamana. "Kikavu. Kama mtu anavunja vijiti."

"Kiungo cha shafti," alisema Fundi. "Cha nje, kulia. Kimeisha grisi. Mjomba wako ametuuzia shafti iliyochoka akasema mpya."

Hakuwa amesikia chochote. Injinia alimtazama: macho yako barabarani, mikono kwenye usukani, na midomo imebanwa kwa furaha ambayo hakutaka ionekane.

"Na lingine?" aliuliza Fundi, akimtupia jicho.

"Hakuna lingine, baba."

"Lipo. Kila gari lina lingine."

Alipunguza mwendo, akawasha taa ya kukatia kona, akazunguka ule mtaa tena polepole, ili binti yake asikie vizuri.